Mkwe Aliyekaa Mezani Bila Kula

Watu waliokuja msibani walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema kwa sauti ya chini huku wakinywa chai yangu, na nilitamani kuwatoa mmoja mmoja kwa fimbo. Hawakujua, na sikuwaambia, kwamba maradhi ya mkwe wangu Teodora yalifichwa kwa ajili ya mtu mmoja tu hapa duniani. Mtu huyo ni mimi, Masalu, mstaafu wa kiwanda cha kuchambua pamba, mkazi wa Usagara, nje kidogo ya Mwanza. Wengine wote walijua. Mwanangu Nestory alijua kabla ya kumwoa. Mke wangu Suzana alijua. Walimu wenzake walijua, na sitashangaa nikiambiwa hata mbwa wa jirani alijua. Mimi nilijua siku ambayo kujua hakukusaidia kitu.

Ninaandika haya ili mjukuu wangu Queen akikua asisimuliwe na wanywa chai wa msibani.

Mama yake alizaliwa Kamachumu, upande wa pili wa ziwa, mtoto wa tatu wa mzee Venant, mkulima wa kahawa na ndizi. Akiwa na miaka kumi na mitano, yuko kidato cha pili, alianza kunywa maji bila kukata kiu, na kukonda huku anakula vizuri. Walimu walidhani ana mimba. Bibi yake alidhani amelogwa. Mzee Venant hakubishana na yeyote. Alimpakia kwenye baiskeli, akamsukuma kwenye milima mpaka hospitali ya misheni. Huko akaambiwa binti ana ugonjwa wa sukari, tena ule wa kutegemea sindano: atajichoma dawa ya insulini kila siku ya maisha yake, na siku akiacha atakufa. Sista mmoja alimfundisha kwa kuchoma kigogo cha mgomba, kisha akamwambia ainue gauni ajichome pajani. Binti alijichoma bila kulia. Aliyelia ni baba yake.

Sista yule alimwachia sheria moja, na Teodora aliiandika ndani ya jalada la kila daftari alilotumia tangu siku hiyo: ukishachoma, kula; kama chakula hukioni, usichome. Maana dawa ile haina macho. Kazi yake ni kushusha sukari mwilini, na isipokutana na chakula inaendelea kushusha tu mpaka mtu anaanguka. Madaftari hayo ninayo. Nimeyasoma yote, moja baada ya jingine, kwa miwani ya kusomea magazeti.

Aliyasoma maisha yake kama mtu anayesoma saa. Alienda chuo cha ualimu na sindano yake ya kioo, akaichemsha kwenye kisufuria ambacho hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kukigusa. Wenzake wa bwenini walimzushia kwamba ana mambo ya uchawi. Wanaume wawili walikuja kwao kuposa na wote wawili walirudi nyuma waliposikia, mmoja wao akiwa ameshaleta pombe ya kubisha hodi. Baada ya huyo wa pili, mzee Venant alimwambia: "Mwanangu, safari hii mwambie mume, basi. Wakwe wasijue. Ng'ombe wa mahari hurudi." Mwaka 1988 alipangiwa kufundisha shule moja ya msingi hapa Mwanza, na mwaka uliofuata akakutana na Nestory, ambaye wakati huo alikuwa karani wa ghala la ushirika na bado hajaanza kuuza mitumba. Alimwambia kila kitu siku ya pili ya kufahamiana. Nestory akamjibu kwamba yeye hana tatizo, tatizo ni mzee wake.

Alisema kweli. Ningeletewa habari ile wakati ule, ningesema wameniletea mgonjwa niwape ng'ombe. Ningerudisha mguu. Sijisingizii.

Basi akaja kwetu, na kwetu kuna mila zetu. Mkwe wa kike hataji jina la baba mkwe. Hakai kwenye kiti kimoja naye. Na hali mbele yake, hata maji hanywi, mpaka siku baba mkwe mwenyewe atakapomfungua kwa zawadi. Zawadi haina makuu. Mwenye nacho hutoa mbuzi, asiye nacho hutoa kuku. Baba mkwe akishakabidhi na kusema, "Sasa ule mbele yangu, mwanangu," basi yamekwisha, wanakaa pamoja. Baba yangu marehemu alimfungua Suzana ndani ya miezi mitatu.

Mimi nilikaa miaka minne bila kumfungua Teodora. Watu waliniuliza, nikasema nangoja mbuzi wangu azae, nangoja mvua, nangoja Nestory amalize nyumba. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeonja utamu. Kiwandani nilikuwa msimamizi, vijana walisimama nikiingia. Nilipostaafu, na kiwanda chenyewe kikafungwa mlango, na soko likaitwa huria, kila kijana aliyevaa jinzi ya mtumba akawa anapita mbele yangu bila salamu, na mwanangu mwenyewe akaanza kunieleza dunia inavyokwenda. Katika dunia hiyo nilibakiwa na mtu mmoja anayenipigia magoti: mwalimu mwenye cheti, Mhaya, ambaye wala mila hiyo hakuzaliwa nayo. Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Teodora alifumba yote mawili. Sikutaka ayafumbue.

Ninachoweza kusema kwa kujitetea, kama kuna mtu anataka kusikia, ni kwamba mila hiyo pale nyumbani haikumdhuru. Ilimsitiri. Walipokuja Usagara, kwa kuwa haruhusiwi kula nilipo, alikuwa na haki ya kukaa jikoni na Suzana. Huko alichemsha sindano yake, akatoa dawa yake kwenye chungu kidogo cha mchanga uliolowa, kilichoikinga na joto, akajichoma, akala kwa wakati wake, wala sikuona. Nilikuwa nakaa sebuleni nasubiri sahani yangu na kumsifia adabu.

Julai mwaka 1994 shule zilipofungwa, Nestory akaja Usagara na gari lake la kubebea marobota. Alikuwa ameanza kupata. Akasema, "Baba, mwaka huu tunakwenda likizo."

"Likizo gani? Mimi nimestaafu. Niko likizo mpaka kufa."

"Likizo ya familia, baba. Wiki nzima. Mkae kwangu Mirongo, tutembee, tuone ziwa, tule hotelini. Watu wote siku hizi wanafanya."

Suzana alikuwa amekwisha kufunga mzigo kabla sijajibu. Tukaenda. Sikatai kwamba nilifurahi. Tulivuka na pantoni kwenda na kurudi bila shughuli yoyote, kama wehu. Tulikwenda soko la samaki kuwaona sangara wenye ukubwa wa ndama, ambao minofu yao inapanda ndege kwenda Ulaya na sisi wenye ziwa tunauziwa vichwa na mifupa. Jioni Nestory alitupeleka kula chipsi. Kila tulipokwenda kula, alipanga meza mbili: mimi na yeye huku, Suzana, Teodora na Queen kule mbali, nyuma ya nguzo au upande wa pili wa bustani. Nilidhani anaheshimu mila. Kumbe alikuwa anamtafutia mkewe mahali pa kula.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, siku ya kwenda kisiwa cha Saanane kuwaona wanyama. Niliamka alfajiri, nikaona nyumba ya mjini inachosha, nikabeba kigoda changu nikaenda kukaa mlangoni mwa jiko. Teodora alikuwa anawasha jiko la mafuta ya taa. Akapiga magoti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwalimu. Endelea na kazi, mimi nimekuja kupiga soga tu."

Nilijiona baba wa kisasa. Nikapiga soga saa moja na nusu. Suzana alikuja mara mbili. "Baba Nestory, sebuleni kuna redio." Nikamwambia redio nimeizoea. Baadaye nimeambiwa kwamba asubuhi ile Teodora alijichoma chumbani, na alichokula ni nusu kikombe cha uji, amesimama nyuma ya mlango, kwa sababu kilichobaki kilikuwa jikoni na mimi nilikuwa jikoni. Nimeambiwa pia kwamba wiki hiyo dawa yake ya kawaida, ile ya kukaa muda mrefu, ilikuwa haipatikani, akapewa ya haraka, ya kujichoma kila kabla ya chakula. Kwa hiyo alihitaji kuwa makini kuliko siku zote, na alikuwa makini. Ameandika kwenye daftari: Jumamosi, asubuhi, uji kidogo, nitafidia mchana.

Kisiwani tulipanda mawe. Queen alikuwa na miaka mitatu, anataka kubebwa, na mama yake alimbeba kutoka kwa simba mpaka kwa mamba. Kurudi, boti ilikwama kwenye magugu maji, yale majani yaliyokuwa yameanza kulivamia ziwa miaka hiyo, na nahodha akayasukuma kwa pondo huku akimtukana aliyeyaleta. Tulifika hotelini saa nane kasoro.

Hoteli yenyewe ilikuwa mpya, imejengwa ufukweni, meza ziko nje chini ya miavuli, maji yako hatua chache tu. Nestory alikuwa ameagiza tangu jana: sato wazima wa kukaanga, ugali, wali, mchicha. Tukakaa kama kawaida, meza mbili. Mhudumu akaja akainama.

"Karibuni sana. Mzee, chakula kiko tayari, nakileta sasa hivi."

Na kweli masinia yalionekana mlangoni mwa jiko, moshi unafuka. Nilimwona Teodora ameyatazama, kisha amechukua mkoba wake na kwenda maliwatoni. Aliifuata sheria ya sista neno kwa neno. Chakula alikiona. Akajichoma.

Wakati yuko huko, mimi nilikuwa natazama meza ya jirani. Palikuwa na mzee wa Kiislamu wa hapo mjini, mwenye kofia safi, amezungukwa na wana, wakwe na wajukuu, na mkwe mmoja alikuwa anamtolea miiba ya samaki huku anamtania, na mzee anacheka mpaka kofia inateleza. Wivu ukaniingia. Nilikuwa nimekaa na Nestory tunatazamana kama walinzi wa zamu.

"Unganisheni meza," nikasema.

Nestory akashtuka. "Baba?"

"Unganisheni. Leo tunakula kama watu wa mjini. Mambo ya kukaa mbalimbali yamepitwa na wakati."

"Baba, tulivyokaa ni sawa tu. Mama Queen mwenyewe atasikia aibu."

"Nani mkubwa hapa?"

Meza zikaunganishwa. Teodora alipotoka maliwatoni alikuta kiti chake kinanitazama mimi uso kwa uso. Alisimama kidogo. Akamtazama mumewe, akamtazama Suzana, kisha akakaa, mkoba magotini, macho chini. Masinia yakawekwa. Samaki wake aliwekwa mbele yake, mzima, na limao.

Hapa ndipo ninapopaswa kusema kosa langu, na nitalisema lilivyo. Niliunganisha meza, lakini sikumfungua. Nilijua sijamfungua. Mtu yeyote wa kwetu anajua kwamba kumkalisha mkwe mezani bila kumfungua ni sawa na kumfunga kamba. Ningeweza kusema sentensi moja, "Kula mwanangu, kuku wako nitakupa jioni," na ingetosha, hata baba yangu kaburini asingelalamika. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nilipomwona amekunja mikono, hagusi kitu, nikaona heshima ile mbele ya watu wote wa hotelini, mbele ya yule mzee mwenye kofia, nikasema ngoja kwanza niionje. Niliwataka wote wawili, mkwe wa kisasa wa kukaa nami na mkwe wa zamani wa kuniogopa.

"Mwalimu, huli?" nikamwuliza, huku najua jibu.

"Nimeshiba, baba. Ahsante."

Nikafurahi moyoni. Nikavunja ugali.

Kwa furaha ile nikaanza kusimulia. Nilisimulia habari za kiwandani, jinsi boila lilivyotaka kupasuka mwaka sabini na tatu, nani alikimbia na nani alibaki. Ni hadithi ndefu, na nikiwa nimefurahi huwa ndefu zaidi. Mkwe hanyanyuki mzee anapozungumza. Alikaa. Mkobani mwake, nimekuja kuona baadaye, mlikuwa na kipande cha sukari guru kimefungwa kwenye karatasi, ambacho alitembea nacho miaka yote kwa ajili ya saa kama ile. Mkoba ulikuwa magotini pake. Lakini kuweka kitu mdomoni ni kula, na mbele yake nilikuwa mimi.

Suzana alijaribu. "Mama Queen, mtoto anataka kwenda haja. Mpeleke."

"Mtoto ana baba," nikasema. "Si tumesema leo ni mambo ya kisasa? Nestory, mpeleke mwanao."

Nilicheka peke yangu. Nestory alisita, akamwinamia mkewe akamwambia kitu sikioni, naye akatikisa kichwa kwamba yuko salama. Ninaamini wakati ule alidhani bado anaweza. Nestory akaondoka na mtoto. Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwa na ujasiri kidogo wa kunipinga, nilimwondoa mwenyewe.

Suzana akajaribu tena. "Baba Nestory, hebu twende tukaone maji."

"Maji tumeyaona wiki nzima. Kaa, sijafika kwenye boila."

Sikumtazama Teodora vizuri mpaka nilipofika kwenye boila. Jasho lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye kola, na ziwani kulikuwa kunavuma upepo wa baridi. Mikono ilikuwa inatetemeka juu ya mkoba. Nikasema kumbe watu wa Bukoba wanaona joto. Akacheka. Hakuwa amewahi kucheka mbele yangu. Alicheka tena mahali pasipo na kichekesho, akainua uso, akanitazama machoni, akasema kwa sauti kubwa ya darasani:

"Masalu."

Jina langu, likiwa uchi namna hiyo, kutoka kwa mkwe wangu. Meza ya jirani waligeuka. Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Kabla sijasema neno, alinyoosha mkono, unapapasa kama wa kipofu, akaikamata chupa yangu ya soda.

Niliivuta. Tukavutana, mimi na mkwe wangu, mbele ya watu. Nilimshinda kwa urahisi.

"Amelewa," nikasema. "Alipokwenda maliwatoni amekwenda kunywa. Nestory! Njoo umchukue mkeo, amelewa!"

Suzana alisimama, kiti kikaanguka. Katika miaka thelathini na minne sijawahi kusikia mke wangu akinipigia kelele. "Hajalewa! Ana sukari, wewe mzee! Ana ugonjwa wa sukari, anajichoma sindano! Mpe hiyo soda!"

Na hapo, Mungu anisamehe, nilifanya kosa la pili. Nilijua kitu kimoja tu juu ya ugonjwa wa sukari, kile ambacho kila mtu anakijua: kwamba mwenye sukari haruhusiwi kitu kitamu. Karani wetu wa kiwandani alikufa nao, na daktari alimkataza hata chai ya sukari. Basi nikaikumbatia chupa ile kifuani.

"Ana sukari halafu mnampa soda? Mnataka kumwua?"

"Imeshuka! Imeshuka, mpe!"

"Sitoi! Wewe umesomea udaktari wapi?"

Tulibishana. Sijui ni dakika ngapi. Suzana anasema dakika tatu, Nestory anasema alisikia kelele zetu tangu anamfunga mtoto vifungo. Alikuja mbio, akaninyang'anya chupa, lakini mkewe alikuwa amekwisha kuteleza kutoka kwenye kiti na kuanza kukakamaa, meno yameumana. Soda ilimwagika kidevuni na kwenye gauni. Iliyoingia ilimpalia. Yule mzee mwenye kofia alikuja na wanawe, wakamnyanyua, wakampakia nyuma ya gari letu juu ya magunia. Mkwe wake, yule aliyekuwa akimtolea miiba ya samaki, akamchukua Queen na kumfunika macho na mtandio wake. Mimi nilibaki nimesimama na kizibo cha soda mkononi.

Hospitalini walimwekea maji ya sukari kwenye mshipa. Sukari ilipanda, wakasema vipimo sasa ni vizuri. Lakini hakuamka. Daktari alitueleza kwa upole kwamba ubongo umekaa muda mrefu bila chakula chake, na pia mapafu yameingiwa na maji. Alisema "muda mrefu" bila kunitazama mimi, maana hakujua. Siku ya tatu, saa nne asubuhi, muuguzi akatuita ndani. Teodora alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Mzee Venant alifika kwa meli siku moja kabla ya mazishi. Ni mtu mfupi, mikono yake ina sugu za jembe. Hakumlaumu Nestory. Aliomba kwanza aoneshwe vitu vya binti yake, akakaa navyo kitandani, kisufuria, sindano ya kioo, madaftari, akivigusa kimoja kimoja. Kisha akaja nje nilikokuwa nimekaa peke yangu nyuma ya nyumba, akavuta kigoda. Wazee wenzangu walikuwa wameshaniandalia maneno ya kumwambia: kwamba ni mapenzi ya Mungu, kwamba ugonjwa ulifichwa, kwamba laiti tungejua. Nilikuwa nayo kichwani, yamepangwa.

"Nilimwambia asikuambie," akasema. "Hilo ni langu, nalibeba. Nilimwambia pia ashike mila za huku asije akaonekana hana adabu. Na hilo ni langu."

Akakisogeza kigoda karibu yangu.

"Nimeambiwa chakula kilikuwa mbele yake."

"Kilikuwa mbele yake."

"Na wewe ulikuwa mbele yake."

"Ndiyo."

"Ulimwona kwamba hali?"

"Nilimwona."

Alichora chini kwa kijiti. Ndani wanawake walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani na sauti ya Suzana haikuwamo. Kisha akaniuliza, bila hasira, kama mtu anayetaka tu kujua: "Ulipomwona hali, ulifikiri nini, mzee mwenzangu?"

Ningeweza kumwambia nilifikiri ameshiba. Angeniamini, ni mtu wa kuamini. Lakini nilikuwa nimechoka kupewa heshima nisiyoistahili.

"Nilifurahi," nikasema.

 Kisha akainuka, akajikung'uta suruali, akaingia ndani kumchukua mjukuu wake. Meli ya kurudi ilikuwa Jumatano. Aliondoka naye, na hakuna aliyemzuia.